Yai Lenye Jiwe Linalosogea

Karakana, 6 Januari

Kidole mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Sisi wazima, ukiacha magoti yake na mikono yangu. Mashine ya msumeno nayo imeingia uzeeni. Nikiiwasha inatetemeka, nami natetemeka, tunabaki tunatazamana kama wazee wawili waliokutana kwenye foleni ya dawa.

Nina shida moja. Pasaka hii kanisa letu linatimiza miaka hamsini, na kamati inataka mayai arobaini ya kutundika madirishani mwa ukumbi. Yale yetu ya siku zote, ya plaiwudi nyembamba, yaliyokatwa nakshi ndani ili mwanga upite. Kumi ya yungiyungi, kumi ya kifaranga anayetoka kwenye ganda, kumi ya msalaba wenye miale, na kumi ya jiwe la kaburi. Haya ya jiwe ndiyo yanayoulizwa na kila mtu. Wanapenda kulisukuma jiwe kwa kidole, liteleze pembeni, kaburi libaki wazi na mwanga uingie. Juzi mama mmoja kanisimamisha sokoni, "Samahani, wewe si ndiye Fundi wa Jiwe?" Nikavimba kichwa mpaka kofia ikanibana.

Lakini wiki iliyopita nilivunja nyembe saba za msumeno kwenye ua moja tu. Mkono unakwenda usikotumwa. Kwa hiyo nakuomba unifanyie nusu: yungiyungi zote na mayai yote ya jiwe. Mimi nitabaki na misalaba na vifaranga. Nimekuwekea michoro ndani ya kifurushi, pamoja na kile chuma changu cha pili cha muhuri, chenye nyundo ndogo. Ukimaliza, kipashe moto uchome mgongoni mwa kila yai.

Nimefundisha watu kumi na moja. Mikono niliyoweza kuiachia mashine nikaenda zangu kunywa chai bila kugeuka nyuma ni yako peke yake.

Mama yako anauliza kama unakula.

Baba Fundi

*

17 Januari

Baba Fundi,

Shikamoo. Na ya Mama mfikishie. Mwambie nakula, tena kuliko inavyofaa.

Kifurushi kimefika salama. Nimefurahi kuombwa, nisikufiche. Chumba changu cha kazi sasa kiko katikati ya fundi simu na saluni. Wale wa saluni wakiwasha mashine ya kukaushia nywele, msumeno wangu unapungua nguvu, wembe unaanza kutafuna badala ya kukata. Tumepatana: wao asubuhi, mimi mchana. Wateja wao wamezoea kwenda nyumbani wakiwa na unga wa mbao kichwani, wanadhani ni dawa ya nywele.

Mayai ishirini nitayamaliza kabla ya katikati ya Machi. Mikono yako ipumzishe. Nenda ukaonane na daktari, si kila mtetemeko ni wa baridi.

Nina swali moja tu. Kwenye yale ya jiwe, muhuri uwe wako vilevile?

Nauliza tu, Baba.

Kidole

*

Karakana, 29 Januari

Kidole,

Swali lako limetuchekesha hapa. Sasa uwe wa nani, wa fundi simu? Nyundo, mwanangu, nyundo kwenye yote. Watu wanaligeuza yai kwanza kuangalia mgongoni, ndipo wanaangalia mbele.

Tena kuna habari njema. Kamati inachapisha kijitabu cha miaka hamsini, na ukurasa wa nne mzima ni wangu! Katibu alikuja na kalamu, akakaa pale kwenye benchi lako la zamani, nikamsimulia. Nakunakilia kidogo ufurahi pamoja nami:

"Siku moja, baada ya sala, Fundi alijilaza, akaota jiwe kubwa likibingirika lenyewe. Alipoamka hakunywa hata maji, alikwenda moja kwa moja kwenye mashine yake. Jioni ile yai la kwanza lenye jiwe linalosogea lilikuwa limekamilika. Hakufundishwa na mtu, alifunuliwa."

Katibu ana kalamu tamu, sivyo? Mimi nilimpa maneno, yeye kayatia chumvi kidogo.

Mama yako nilipomsomea aliendelea tu kuchambua mchele. Magoti yanamsumbua.

Baba Fundi

*

14 Machi

Baba Fundi,

Shikamoo.

Mayai ishirini yako kwenye boksi. Yungiyungi zina nyundo yako. Kila jiwe nimelisukuma mara hamsini, hakuna linalokwama wala kuchomoka. Chuma chako nimekirudisha, kiko chini kabisa, kimefungwa kwenye gazeti.

Kidole

*

Karakana, 21 Machi

Wewe binti,

Nilifungua boksi mbele ya Padri, katibu na akina mama wawili wa kamati. Nilitaka waone kazi ya mwanafunzi wangu. Nikatoa yungiyungi, wakashangilia. Nikatoa la jiwe, Padri akalipokea, akalisukuma, akacheka kama mtoto. Kisha akaligeuza. "Hiki kidole kilichosimama ni alama gani, Fundi?"

Kidole! Umejitengenezea chuma cha muhuri chenye kidole, ukayachoma mayai yangu yote kumi!

Nikamwambia ni alama ya ubora. Nimefika umri huu, nimemdanganya padri ndani ya ukumbi wa kanisa kwa ajili yako.

Ulikuja kwangu ukiwa na miaka kumi na saba, hata msasa hujui unashikwa upande gani. Wiki ya kwanza ukajikata kidole, ndipo jina hilo likakushika, mama yako akakufunga kwa kitambaa alichokichana kwenye foronya yake. Ulikula mezani kwangu. Nilikufundisha kutoboa kwa keekee na kupitisha wembe tunduni. Nilikufundisha kwamba ubao ndio unaosukumwa, wembe unaachwa. Na leo unaniibia mchana kweupe, mbele ya watu ninaosali nao. Mwizi wa nje angeniibia vifaa. Wewe umeniibia jina.

Kama ulilitaka jina ungesema. Ulivyouliza swali lile mwezi wa kwanza, kumbe ulikuwa unapima kina cha maji. Kuiba ni kuiba, hata ukimsalimu mtu kwanza.

Misumari nimeshaitafuta. Nitaufunika mgongo wa kila yai kwa kipande cha plaiwudi. Usiniandikie.

Fundi

*

27 Machi

Baba,

Shikamoo. Umesema nisikuandikie, nimeandika. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Maneno ya wizi yamejaa ukurasa mzima.

Sasa nisikilize, maana mimi nimekusikiliza miaka kumi na moja.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ulikwenda kumzika kaka yako, ukakaa siku nne. Mvua ilipiga bati mpaka redio haikusikika. Sikuwa na kazi ya mtu, nikasema nijaribu. Mayai yote ya kaburi tuliyokuwa tukikata, kaburi lilikuwa halifunguki. Nilitaka lifunguke. Jiwe la kwanza lilidondoka. La pili likakwama. Nikaenda ndani kuomba sindano ya kutolea kibanzi kilichonichoma, Mama akanifungulia kisanduku chake cha mbao, kile chenye kifuniko cha kuteleza. Nikakitazama. Kingo zake zimeinamia ndani, ndiyo maana kifuniko hakitoki. Nikasahau na kibanzi.

Kukata kingo zilizoinama ni lazima uinamishe meza ya mashine. Na wewe ulikuwa na sheria. "Meza haiinamishwi, basi, mjadala umefungwa." Ile skrubu ya chini ya meza ilikuwa imeshika kutu kwa sababu hukuwahi kuilegeza tangu ununue mashine. Niliilegeza mimi, kwa plaizi na mafuta ya kupikia. Jiulize, Baba. Mtu aliyeota yai lile, skrubu aliilegeza saa ngapi?

Uliporudi nilikuwekea mezani. Ulilisukuma jiwe, ukalirudisha, ukalisukuma tena. Ukaliinamia mpaka nikadhani unamlilia marehemu. Kisha ukasema, "Liache hapo." Basi. Kesho yake asubuhi lilikuwa na nyundo mgongoni.

Nikajiambia ndivyo karakana zilivyo, kazi ya mwanafunzi hubeba muhuri wa mwalimu. Nilikubali. Hata uliposema mbele za watu "hili langu", nilikubali, maana nilidhani ndani ya hilo "langu" na mimi nimo. Nilipokuuliza kuhusu muhuri sikuwa napima kitu. Nilitaka useme tu, "Hilo la jiwe tunajua ni lako, ila piga nyundo." Ningepiga nyundo, Baba. Ningepiga kwa furaha.

Badala yake ukaniletea ndoto. "Hakufundishwa na mtu." Huwezi kuota kitu ulichokikuta mezani.

Funika migongo ukitaka. Ila ukitumia misumari, itapasua plaiwudi. Tumia gundi.

Kidole

*

1 Aprili

Mwanangu,

Mimi si mtu wa kuandika, kalamu nimezoea kumwachia yeye. Leo yupo karakana, nimekaa jikoni naandika haraka, usijali mwandiko.

Barua yako aliisomea uani. Akaikunja vizuri, akaenda kuwasha mashine. Nikasikia inaunguruma muda mrefu. Nilipochungulia, wembe unapanda na kushuka, ubao hakuna. Amesimama tu, mikono mfukoni.

Nikamwambia, "Mafuta nilitoa mimi, kwenye kijiko. Nilikuwepo." Akanitazama kama mtu aliyepigwa kofi na asiyemjua. Akasema, "Na wewe?" Tangu hapo haongei zaidi ya kuomba chumvi.

Sasa yangu. Nilijua. Yai lile nililipiga msasa mimi, wewe ulikuwa umechoka, umelala kwenye benchi na unga wa mbao kwenye kope. Nilipoona nyundo mgongoni asubuhi, nilijisemea atasema tu siku moja kwamba ni lako. Halafu nikajisemea mume ni mume. Halafu watu wakaanza kumwita Fundi wa Jiwe, na mimi wakaniita mke wa Fundi wa Jiwe, nikaona si vibaya. Ndivyo ilivyokuwa. Sitafuti maneno mazuri.

Kuna lingine, na hili ndilo linalonikaa kifuani. Siku ile alipokuambia umeiva, ukafungue kazi yako mjini, ulilia kwa furaha ukanikumbatia. Wiki moja kabla alikuwa ameniambia hapahapa jikoni, "Yule msichana akikaa mwaka mwingine, mimi nitabaki kushika ufagio kwenye karakana yangu mwenyewe." Hukuondoka kwa sababu mafunzo yameisha. Uliondolewa. Mizigo yako nilikufungia mimi nikijua. Lile shuka jipya nililokutilia halikuwa zawadi, ilikuwa aibu yangu.

Sikuombi umsamehe, yeye ana mdomo wake. Nakuomba ufikirie kama unaweza kunisamehe mimi. Pasaka ni tarehe kumi na mbili. Ukija mlango uko wazi, usipokuja nitaelewa.

Mama

*

Karakana, 19 Aprili

Kidole,

Hukuja. Nilikuwa nikiangalia mlango mkubwa wa ukumbi mpaka Padri alipoita jina langu.

Nitakusimulia kama ilivyokuwa, usije ukasikia kwa wengine ikiwa imepikwa upya.

Mayai yalikuwa yametundikwa, yote arobaini. Migongo sikuifunika. Niliishika gundi mara mbili nikaiweka. Jua lilikuwa limepanda, mwanga wa nakshi ukaanguka sakafuni, watu wakawa wanaukwepa wasiukanyage. Wakaniita mbele niseme neno. Nilikuwa nimejiandaa kusema kweli. Nakuapia, nilikuwa na karatasi.

Nikafungua mdomo, nikasema, "Kwenye yai hili la jiwe, mwanafunzi wangu mmoja alinisaidia."

Wakapiga makofi! Wakaona ni unyenyekevu. Mzee mmoja wa mbele akatikisa kichwa na kusema, "Angalia mtu mkubwa anavyowakumbuka wadogo." Na mimi, Kidole, nikatabasamu. Karatasi iko mfukoni, na nimetabasamu.

Ndipo mama yako akasimama. Unajua magoti yake. Alishika kiti cha mbele, akajivuta, akasubiri makofi yaishe. Akasema, "Hakumsaidia. Alilitengeneza yule msichana peke yake, huyu akiwa msibani. Mimi nililipiga msasa." Kisha akakaa. Hakuongeza neno.

Katibu alikuwa ameshika rundo la vijitabu vya kugawa, akavikumbatia kifuani kama vile vina baridi. Mimi nilitokea mlango wa jikoni, nikapita katikati ya masufuria.

Siku nne sikuzungumza na mama yako. Nilijiona nimesalitiwa na watu wawili niliowalisha. Siku ya tano nikamkuta anajaribu kufungua kopo la vanishi kwa kisu, mikono inamuuma, na hakuniita nimsaidie. Miaka thelathini na nane ya ndoa hajawahi kufungua kopo mimi nikiwepo. Hapo hasira ikanishuka.

Nikaenda kwa Padri ofisini, nikamweleza yote, pamoja na ile alama ya ubora. Akaniuliza, "Sasa unataka nikufanyie nini, Fundi?" Nikamwambia ukurasa wa nne. Basi tumekaa na katibu siku mbili, tunabandika kikaratasi juu ya ile ndoto, kijitabu kimoja baada ya kingine, vile vilivyokuwa bado havijagawiwa. Vilivyogawiwa vimekwenda.

Hili nalo nikuambie. Katibu aliniuliza jina lako kamili la kuandika kwenye kikaratasi. Sikulijua. Ulikaa kwangu miaka minne, na ilibidi niende nyumbani nikamuulize mama yako.

Mama yako ameniambia aliyokuandikia kuhusu kuondoka kwako, na ni kweli. Maneno ya ufagio niliyasema.

Ndani ya bahasha kuna mchoro wako wa kwanza, ule wa penseli. Sikuuchoma wala kuuchana. Ulikuwa nyuma ya kabati la rangi miaka yote hii, umekunjwa mara nne. Ukiugeuza utaona kwa nini sikuweza kuutazama. Umeandika mwenyewe, kwa mwandiko wako wa wakati ule, "Kwa Baba, akirudi kutoka msibani, apate kufurahi kidogo."

Sina la kujitetea.

Fundi

*

4 Mei

Fundi,

Shikamoo. Nimeanza na "Fundi" tupu, usishangae. Lile neno lingine limekataa kutoka, nami sitalilazimisha. Ufundi ulinifundisha kweli, kwa hiyo hili naweza kulitumia.

Mchoro umefika. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba niliandika maneno yale. Nimekaa nayo tangu Jumatatu iliyopita. Msichana wa saluni alikuja kuazima kiti, akanikuta nimeshika karatasi, akaniuliza nani kafa. Nikamwambia hakuna.

Miaka yote nilidhani umechukua kitu changu. Sasa naona vibaya zaidi. Lilikuwa lako tayari. Nilikukatia wewe, kwa sababu ulikuwa umefiwa. Ungeligeuza ukasema "ahsante", lingebaki kuwa lako, na ningepita mitaani nikiwaambia watu nimemtengenezea Baba yangu yai lenye jiwe linalosogea, na hakuna ambaye angekuwa mwizi. Ulipata zawadi ukaiiba. Hilo sijui mtu analifanyia nini.

Na ule ufagio. Siku uliyoniambia nimeiva nilipanda gari nikiwa nimejishika kifua, naogopa furaha isimwagike. Kila mteja wa siku zile za mwanzo aliponiuliza nani alinifundisha, nilikutaja. Nilikuwa nakutaja kwa sauti. Sasa sijui siku ile niiweke wapi.

Kikaratasi kwenye ukurasa wa nne, nimesikia. Ni vizuri kwa watakaosoma. Kwangu kimechelewa, ila sisemi ukibandue.

Mashine yako ikiendelea kutetemeka, angalia miguu yake kwanza kabla ya kulaumu mikono. Bolti moja ya nyuma ilikuwa imelegea hata enzi zangu. Na daktari bado nenda.

Ukiniandikia nitasoma. Kujibu sijui.

Mwambie Mama nimemsikia, na nataka kumwona. Aje akae nami mwezi huu, hapa ngazi hakuna, magoti yatapumzika. Nitampokea kituoni mwenyewe. Aje peke yake. Kitanda cha mgeni ni kimoja.

Kidole